Hailazwi

Baba alipiga simu Jumatano, sauti ikikatika
kwa upepo, wa kwake Mpwapwa au wa kwetu, sijui:
"Sechelela, usiilaze. Baiskeli hailazwi kama mgonjwa."
Kisha salio likamwishia.

Tangu siku hiyo, uani kwetu Nkuhungu,
baiskeli imesimama kwa stendi yake,
imeoshwa kwa mafuta ya taa, tairi mpya, kengele ileile,
na kando yake Probox yangu, nyeupe chini ya vumbi.
Zinatazamana kama wakwe.

Swali ni dogo. Juu, nyuma, au ndani?

Fundi Malogo wa Sabasaba anasema juu.
Amenichorea kwa chaki sakafuni:
mabomba mawili, vibanio vinne,
vipande vya tyubu visichubue rangi.
"Itasimama, dada, kama mgeni rasmi."
Laki moja na themanini, nati juu yangu.
Nikamwuliza habari za upepo.
Akatazama bati lake, lile la pembeni,
ambalo tangu mwezi wa saba limekaliwa na jiwe.

Nyuma, basi.
Mama Chilewa ana chuma cha kuning'iniza, cha mikanda mitatu,
alichonunua mnadani bila kujua ni cha nini,
akawa anaanikia mlenda.
Tulijaribu. Mikanda ikalia.
Baiskeli ya Baba ina kilo ishirini na mbili, ukiacha kiburi,
na ilipotulia ikawa imeziba namba za gari,
nao trafiki wa Ihumwa
husoma kwanza kile kisichosomeka.

Ndani, je?
Lakini ndani ni kulaza.

Usiku nilikaa kizingitini na tochi ya simu
nikiimulika kama daktari asiye na dawa.
Keria yake bado ina alama ya kamba.
Pale nilikaa mimi, miaka mitano, na sare iliyonizidi,
miguu imefungwa kwa kitenge, huu huku, huu kule,
nisije nikauingiza mguu kwenye spoku.
Mwalimu alikuwa akichelewa gwaride la asubuhi.
Siku moja hakufunga.
Kovu ninalo, kifundo cha kushoto, refu kama punje ya mtama,
na sijawahi kumsikia akilitaja,
ila kila nikivaa viatu mbele yake
hutafuta kitu cha kutazama dirishani.

Jumamosi alfajiri nikakunja viti.
Nikatandika blanketi, na juu yake kitenge.
Ndahani akashika usukani wa baiskeli, mimi keria,
tukailaza, mnyororo juu,
taratibu, bila kusemeshana,
kama watu wanaoiba kilicho chao.

Buigiri ikapita. Mbande tukakunja kulia.
Upepo ulikuwa unasukuma malori ubavuni,
vumbi limesimama wima kuliko sisi,
na kila tuta kengele ikalia yenyewe,
kri, huko nyuma,
Ndahani akicheka kila mara, mimi mara ya kwanza tu.

Mpwapwa, nyuma ya kona ya mashine ya kusaga,
hatua mia tatu kabla ya nyumbani, nikazima gari.
"Shuka. Utaingia unaendesha.
Na uketi wima."

Basi Baba aliiona inakuja yenyewe,
imesimama, mjukuu juu yake, magoti yakigonga usukani,
na mimi nyuma kwa gia ya kwanza
kama msindikizaji wa bibi harusi.
Alipiga kofi moja tu, akajizuia.

Akaizunguka. Akabonyeza tairi. Akapiga kengele.
Halafu akachungulia ndani ya gari,
kwenye kitenge, palipochapwa grisi,
duara zima la meno ya mnyororo.

Akapitisha kidole gumba. Akakitazama.
Akakifuta kwenye suruali yake safi.

"Njia ilikuwaje?" akauliza.
"Upepo," nikasema.
"Eeh," akasema Baba. "Upepo."